Kwanini kufufua Land Rover ya mzee kumekuwa ghali hivi, na hela yako iende wapi

Swali la msomaji kutoka Kibosho, Moshi: "Shikamoo fundi. Baba alikuwa bwana shamba, alituachia Land Rover 109 Series III ya 1976, ya petroli, imekaa kihambani chini ya migomba miaka mingi. Mwaka 2016 fundi wa hapa Moshi alimwambia mzee milioni 8 inafufuka yote. Mwaka huu nimetuma picha gereji moja ya Arusha inayofanya magari ya zamani wamenitumia profoma ya milioni 45. Naibiwa au ndo bei ya saivi? Mama bado yupo na Desemba tunakutana wote nyumbani. Niitengeneze, niiuze au niiache ilivyo?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Nikujibu kwanza afu ndo nieleze. Hauibiwi. Ila hiyo profoma imehesabiwa kama vile gari iko Birmingham kule Uingereza sio Unga Limited hapa Arusha, na kuna njia ya kuifanya gari hiyo hiyo kwa hela pungufu bila kuiharibu, na mimi ningekuwa wewe ningeitengeneza.

Tuanze na hiyo milioni 8. Ile ya 2016 na hii ya 45 sio bei mbili za kazi moja, ni kazi mbili tofauti kabisa. Fundi wa milioni 8 alikuwa anamaanisha afungue injini aweke ringi na beringi, bodi inyooshwe palipobonyea, penye kutu papigwe puti, gari ipigwe rangi, viti vishonwe upya, basi. Inatoka inang'aa kweli, watu wanapiga nayo picha, afu masika mawili yakipita rangi inaanza kuvimba kwenye miguu ya milango maana kutu haikutolewa, ilifunikwa tu. Saivi mtu akisema kufufua anamaanisha bodi yote inatolewa, chesisi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari, inabaki uchi, kila bolti inafunguliwa, waya zote zinatolewa, kila kipande kinakaguliwa afu gari inajengwa upya kuanzia chini. Wateja wenyewe ndo wamepandisha kiwango, wanaona magari ya nje kwenye simu wanataka nafasi kati ya mlango na bodi iwe sawa juu mpaka chini, kitu ambacho hata kiwandani kwao Solihull, Uingereza, hawakujali hivyo miaka ile.

Na huko nje ndiko bei zilikoanza kukimbia. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948, wakaendelea kuziboresha mpaka Januari 2016 Defender ya mwisho ya mtindo ule ikatoka kiwandani wakafunga. Kitu kikishaacha kutengenezwa watu ndo wanaanza kukitafuta. Afu Marekani wana sheria kwamba gari ikifikisha miaka 25 inaruhusiwa kuingia bila kutimiza masharti yao ya usalama ya magari mapya, kwa hiyo kila mwaka kuna Land Rover na Land Cruiser nyingine zinafikisha umri, na wenye dola wanazisubiri. Kiwanda chenyewe kikaona biashara, 2018 wakachukua Defender 150 za zamani wakazijenga upya na injini ya V8 wakaziuza kuanzia pauni 150,000 moja. Toyota nao 2021 wakatangaza kutengeneza tena spea za Land Cruiser za 40, zile fupi za mashamba ya zamani. Sasa habari kama hizo zikifika huku kila mwenye chuma kichakavu uani anaamini ana dhahabu, na baada ya lile tamasha la Land Rover hapa Arusha Oktoba 2024 ndo kabisa, bei wanazozitaja watu kwa gari isiyowaka zinashangaza.

Lakini hiyo ni bei ya gari. Bei ya kazi ina sababu zake na hapa naomba unisome taratibu.

Kulivua gari kama la mzee mpaka chuma na kulirudisha vizuri ni masaa elfu moja, likiwa baya linazidi. Uingereza gereji za kazi hizi zinachaji pauni 60, 80, wengine wanapita 100 kwa saa moja. Chukua hiyo ndogo ya 60, masaa elfu moja ni pauni 60,000, kwa hela yetu ni karibu milioni 200, na hujanunua hata plagi. Kule mkono ndo ghali na spea ni rahisi, kwa hiyo akili yao ni kubadilisha. Chesisi ina kutu, hawapotezi masaa kuichomelea, wanaagiza mpya iliyozamishwa kwenye zinki ya moto. Ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na abiria, umeoza, wanaagiza mwingine. Kwao ni hesabu sahihi kabisa.

Kwetu ni kinyume. Fundi mzuri wa bodi Arusha kwa siku nzima analipwa pungufu ya ile saa moja ya Mwingereza, lakini chesisi ile ile inanunuliwa kwa pauni elfu kadhaa, inapandishwa meli, ni ndefu haikunjiki, inafika bandarini inakutana na ushuru, juu ya ushuru kuna VAT asilimia 18, afu bado lori la kuileta huku juu. Na shilingi yenyewe unaijua, 2021 dola ilikuwa kwenye 2,300, kati ya 2024 ikasogea karibu 2,700, hapo spea haijapanda bei hata senti huko kwao. Na ilipanda, maana tangu kipindi cha korona chuma, rangi na nauli za meli vilipanda vyote na sio vyote vilivyorudi.

Kwa hiyo angalia hiyo profoma yako vizuri. Nina uhakika kama hiyo namba umeniandikia ilivyo basi kuna mistari ya chesisi mpya, ukuta wa mbele mpya, milango mipya, waya seti nzima, radiata mpya. Wamekuandikia kwa akili ya kubadilisha kwenye nchi ambayo kubadilisha ndo ghali. Hapa Arusha silaha yetu ni masaa. Nunua masaa, usinunue pauni. Waambie wakufanyie profoma nyingine ya kukarabati vilivyopo, na utaona namba inavyoshuka.

Sasa kama inafaa kukarabati au haifai, hilo halijulikani kwa picha. Hapa ndo niliposhangaa na hiyo gereji, mtu anakupa bei ya jumla hajaigonga gari nyundo? Chukua nyundo ndogo, ingia chini na tochi, anza kugonga chesisi kutoka mbele kwenye vishikio vya springi mpaka boriti la nyuma kabisa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito iliyokufa, na pengine nyundo inazama. Chesisi ya hizi gari ni boksi, inaoza kutokea ndani, nje unaweza kuona rangi nzuri kabisa kumbe ndani kuna udongo umekaa na maji tangu enzi za mzee. Sehemu za kuangalia zaidi ni ile mikono ya pembeni inayobeba bodi chini ya milango, boriti la nyuma, na vishikio vya springi za nyuma. Kibosho kuna unyevu, kuna mvua za mlimani, na chini ya migomba hakuna jua linaloingia, kwa hiyo tegemea kukuta kazi. Ila usikate tamaa, nimefungua za Kibosho na Machame zilizokuwa na afya kuliko za watu wa Ziwa Natron. Kule magadi yanakula aluminiamu yenyewe, unakuta bodi imetoboka kabla ya chesisi, gari ya mlimani haina shida hiyo.

Kama mikono na boriti la nyuma ndo vimeenda lakini boksi kuu mbili za urefu zimebaki nzima, hiyo chesisi inachomelewa. Bati liwe la milimita 2, usikubali la moja, na usikubali kipande kupachikwa juu ya kutu, kilichooza kikatwe mpaka kwenye chuma kinachong'aa ndo kipya kiunganishwe. Kabla hawajakata chochote bodi ikiwa bado juu wapime umbali wa kona kwa kona wauandike, maana chesisi ikipinda wakati wa kuchomelea milango haitafunga tena na gari itakimbia upande. Matundu ya kutolea maji yaachwe wazi, afu ndani ya boksi ipulizwe oili nzito. Kama boksi kuu zenyewe zimeenda sehemu nyingi, hapo ndo nakubali agiza mpya, na ujue profoma ya 45 haikuwa mbali.

Bodi ni hadithi nyingine. Baada ya vita vya pili Uingereza chuma kilikuwa cha mgao ndo wakatumia aluminiamu, inaitwa Birmabright, na ndo sababu gari ya miaka hamsini bado ina mabawa. Haishiki kutu ile nyekundu, ila inapogusana na chuma na pakawa na unyevu inaliwa, unaona unga mweupe chini ya rangi, hasa chini ya milango na mipakani. Sasa tatizo liko kwa mafundi wetu wengi waliozoea Toyota, wanaipiga nyundo kama bati la chuma, aluminiamu ukiigonga gonga inakuwa ngumu afu inapasuka. Mzee aliyenifundisha alikuwa anapaka sabuni ya mche juu ya bodi afu anapasha na gesi taratibu, sabuni ikigeuka nyeusi anatoa moto, hapo bodi imelainika unainyoosha unavyotaka. Sabuni ni kipimo maana aluminiamu haibadiliki rangi ikipata moto, ukisubiri iwe nyekundu utaiona inadondoka chini imeyeyuka. Muulize fundi wa bodi wa hiyo gereji anailainisha vipi aluminiamu kabla ya kunyoosha. Akikujibu vizuri muachie gari. Akikwambia puti itamaliza, ondoka. Na kupasuka kwa aluminiamu kunachomelewa na mashine ya TIG yenye mkondo wa AC, hapa mjini zipo chache, kwa hiyo ulizia kama wanayo au wanampelekea nani.

Hawa wanaojua mambo haya wanapungua na ndo sababu nyingine ya bei, hii ndo inayoniuma mimi. Vijana wakitoka VETA wanataka diagnosi, mashine ya kusoma kompyuta ya gari, au wanaenda kwenye kampuni za utalii kurefusha Cruiser na kuweka paa za kunyanyuka, hela iko huko na siwalaumu hata kidogo. Lakini wazee wa aluminiamu hapa Arusha wanazeeka na kijana wa kurithi hakuna, sasa yule mmoja aliyebaki ana foleni na anajua thamani yake. Malipo ya huyo mzee kwenye profoma yako usiyapunguze hata shilingi, na ukipata nafasi omba kijana wako mmoja akae naye pale awe anamshikia taa.

Injini usikimbilie kubadilisha. Najua watu watakushauri utoe hiyo petroli uweke 1HZ ya Land Cruiser, na kwa gari ya kubeba abiria Loliondo ni akili kabisa, lita 4.2 za dizeli na spea zipo kila kona. Lakini giaboksi na difu za Series III hazikutengenezwa kubeba nguvu hiyo, utaanza kuvunja shafti za nyuma, afu kadi ya gari ina namba ya injini kwa hiyo lazima uende TRA, na gari ikishabadilishwa moyo inaacha kuwa ile ya mzee. Hiyo ya 1976 kama ni ya silinda nne ni cc 2,286, injini mvumilivu sana, haina kompyuta, kuchonga silinda na kusaga krankshafti kunafanyika hapa hapa Arusha. Kitu kimoja tu fundi wa hedi, yaani kichwa cha injini, akague, petroli yenye risasi (ile madini ya lead) iliachwa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na hizi injini zilitengenezwa enzi za petroli ile iliyokuwa inalinda siti za valvu, kwa hiyo hedi ikishafunguliwa siti za valvu za kutolea moshi zikaguliwe, zikiwa zimeliwa ziwekwe ngumu. Nyongeza ndogo tu wakati hedi iko mezani, ukisubiri baadae ni kufungua upya.

Umeme wa hiyo gari ni waya chache, fundi umeme mzuri anaufunga upya kwa waya za kununua kwa mita, usiagize seti. Radiata itengenezwe, zile za shaba zinachomwa upya zinaishi. Viti ushone hapo Moshi.

Pa kuweka hela bila kuhurumia ni breki, usukani, beringi za magurudumu na matairi. Silinda za breki za magurudumu yote manne mpya, mabomba mapya ya shaba ya aloi au ya chuma, hosi mpya, silinda kuu mpya, na uzinunue kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa maana siku hizi kuna spea za kuigiza zenye boksi zuri kuliko mali iliyomo. Hiyo gari ina breki za ngoma mbele na nyuma, kutoka Kibosho kushuka mpaka mjini ni mteremko mtupu, na utapakia familia. Nakuomba sana hapo usitafute nafuu.

Kuhusu kuiuza, unaweza, ila usidanganywe na hizo bei za Marekani. Zile ni za gari iliyokwisha, ina risiti zote, ina namba zinazolingana, imesimama kwenye sakafu ya kioo. Iliyosimama kihambani dalali atakuja na milioni zake chache afu atapata faida yeye. Na ukiitengeneza kwa 45 ukategemea kuiuza 60 hapa nchini utakaa na gari mda mrefu, mnunuzi wa namna hiyo ni mmoja mmoja sana. Kwa hiyo isiwe biashara. Umesema mama bado yupo na Desemba mnakutana wote nyumbani, hiyo ni sababu tosha ya kuitengeneza, gari ipande kihambani na wajukuu nyuma, ila kwa sababu hiyo haihitaji kuwa ya maonesho, inahitaji kuwa nzima. Hapo umeshaokoa hela nyingi za rangi na urembo. Rangi ndo ya mwisho kabisa na hata isipopigwa mwaka huu gari inatembea.

Kwa gereji uende hivi. Waambie hukubali bei moja ya jumla, unataka hatua. Hatua ya kwanza ni kuvua bodi na kukagua tu, ilipwe peke yake, ikiisha wakuoneshe kila kilichooza ana kwa ana, mkubaliane nini kinachomelewa nini kinanunuliwa, ndo waandike hatua ya pili. Spea ununue mwenyewe au uone risiti. Kila wiki wakutumie picha. Kila bolti na kibati kidogo kiwekwe kwenye mfuko kiandikwe kimetoka wapi, gari nyingi za namna hii zinafia gereji sio kwa kukosa hela, ni kwa sababu fundi aliyefungua aliondoka na vitu vikachanganyika. Gereji ikikataa utaratibu huu, ziko nyingine Arusha na hata hapo Moshi, usiogope. Ukilipa kwa hatua inaweza kukuchukua mwaka na nusu au miwili, ni sawa, imekaa miaka mingapi hapo?

Kabla ya yote hayo lakini, kadi ina jina la nani? Kama bado ni la mzee, kaeni kikao cha ukoo, msimamizi wa mirathi ateuliwe, muende Mahakama ya Mwanzo apate barua ya usimamizi, ndo TRA wabadilishe umiliki. Nimeshaona gari imekamilika inang'aa afu ndugu watatu wanaigombania mbele ya geti la gereji, na aliyeweka hela hana karatasi hata moja. Fanya hilo sasa wakati kila mtu anaiona ni chuma tu.

Na tafadhali asije kijana yeyote akaweka betri mpya akapiga stata kujaribu kama inawaka. Pistoni huenda zimeshika. Toeni plagi, mwageni dizeli kidogo iliyochanganywa na oili kwenye kila silinda, muache wiki nzima, afu muizungushe kwa ile hendeli ya mbele taratibu kwa mkono, plagi zikiwa nje. Ikigoma msilazimishe, ongezeni dizeli msubiri tena. Petroli iliyoko kwenye tanki imwagwe yote, imeshakuwa gundi, na msiivute gari kwa kamba mpaka Arusha maana breki hazipo hata kama pedeli inakaza. Tafuteni lori la kubebea magari. Likishapakiwa, piga picha chesisi kwa chini pale inapoonekana vizuri, mikono ya pembeni na boriti la nyuma, unitumie nikuambie nionavyo.